Kabila la Mjomba Salum

Harufu ya sufu iliyolowa ndiyo iliyonirudisha. Asila, binti wa binamu yangu, alikuwa ananiendesha kutoka kwao Al Khoudh kwenda Azaiba, na kwa kuwa hatuwezi kumwendea mtu mikono mitupu, alisimama soko la Mawaleh atununulie matunda. Mvua ya asubuhi ilikuwa imemkuta chuoni. Alipotaka kushuka alivua shali lake akaniwekea mapajani, akasema, "Bibi, nishikie," kisha akakimbilia kwenye makomamanga. Lilikuwa shali la mirabaraba, jekundu na kijani, la aina wanayojitupia wanafunzi siku hizi kwa sababu ya baridi ya viyoyozi vya madarasani. Nikalinyanyua ili nilikunje, na harufu ikanipanda puani: sufu, maji, na moshi wa udi kwa mbali. Nikabaki nalo usoni. Mwanamume wa gari la jirani alidhani nalia, akageuza macho kwa adabu. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimerudi kwenye nyumba ya makuti nje ya ukuta wa Maskati, na Mjomba Salum ananifunika.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka Maskati ile. Mji mdogo uliobanwa baina ya majabali na bahari, milango yake ikifungwa jioni, na ukitembea baada ya hapo ni lazima ubebe taa ili uonekane uso. Sisi tulitoka Unguja mwaka ule wa mapinduzi, mimi, mama yangu na kaka yake. Baba tulimwacha kaburini. Ami yake mama alitusimamia tukaruhusiwa kuingia, akatupa chumba kimoja cha makuti ya mtende nje ya mlango mkubwa wa mji, karibu na kisima. Upepo ulipita kwenye kuta zile kama kwamba hazipo, na mchana jua liliingia vipande vipande, likatuchora mistari sote, watu, mbuzi na sufuria.

Unguja nilikuwa nimeanza shule na kuipenda. Nilipofika nilimuuliza mama nitaanza lini tena, akanijibu kuwa hapa hakuna shule ya wasichana. Nilidhani ana maana ya mtaa wetu. Ilikuwa nchi nzima. Huo ndio ulikuwa mwisho wa masomo yangu, na tangu siku hiyo nimesoma kwa kuuliza watu, jambo ambalo limenifukuzisha kazi kadhaa na mume mmoja.

Lakini Maskati sisi ndio tulioulizwa. Kisimani, dukani, kwenye kahawa za wanawake, kabla hujamaliza kuweka viatu mlangoni, swali lilikuwa linakungoja: nyinyi kabila gani? Hawakuuliza kwa ubaya. Waliuliza kama mtu anayetafuta mahali pa kukuketisha. Mama alitaja kabila la baba yake, nikataja la baba yangu, na uso wa muulizaji ukatulia. Akiulizwa Mjomba Salum, mama alirudi kwenye tende, akasema zimeiva vizuri mwaka huu.

Mjomba na mama walichangia mama tu. Babu yangu alipofariki, bibi yangu aliolewa na Mskochi, fundi wa injini za meli aliyeshushwa Unguja akiwa mgonjwa, akapona, akasilimu akaitwa Yakub, asiondoke tena. Yakub alikufa wakati Mjomba ni mtoto wa kushikwa mkono. Alimwachia blanketi la sufu la mirabaraba, jekundu na kijani, na jina lake la ukoo, Galbraith. Alimwachia pia masikio yake, kama nitakavyoeleza. Kule Unguja jina lile halikumshughulisha mtu. Mtaani kulikuwa na Salum Mrefu, Salum wa Kinyozi na Salum Galbrethi, na wote watatu waliitwa kwa sauti ile ile.

Mjomba alikuwa mwembamba, mpole, fundi wa kutengeneza cherehani, na mikono yake ilinuka mafuta ya mashine hata siku ya Ijumaa. Masikio yalikuwa yametokeza, na kofia ilikaa juu yake kama sufuria juu ya mafiga. Msimu wa baridi, chumba kile cha makuti kilipogeuka kama tumelala nje, alifungua sanduku, akatoa blanketi la baba yake lililofukizwa udi, akanifunika. Umande uliingia ukalilowesha. Chini ya harufu ile ndipo aliponihadithia kwao.

Alihadithia kama alivyohadithiwa. Kwao kuna milima, alisema, na watu wa milimani wana makabila. Kila kabila lina bonde lake na nguo yake. Ukimwona mtu kwa mbali unajua ni wa nani.

"Na sheikh wanaye?" nilimuuliza.

"Kila kabila na sheikh wake."

"Na wakigombana?"

"Wanaibiana ng'ombe."

"Kama Mabedui."

"Kama Mabedui," alisema Mjomba, "lakini kwenye mvua."

Sasa niambieni, mtoto angefikiri nini? Milima nilikuwa naiona, imesimama nyuma ya nyumba yetu. Watu wa makabila nilikuwa nawaona kila siku wakiteremka na punda, kila mmoja na kilemba chake alivyokifunga. Nilisikia kuwa kuna jabali huko ndani ambako ni baridi, na mvua inanyesha, na watu wanalala na mablanketi wakati sisi tunalala na upepeo wa ukili. Huenda jina la Uskochi lilitajwa mbele yangu, nami nikalichukua kuwa jina la bonde. Nilijua kwa yakini kuwa kabila la Galbraith liko nyuma ya majabali yale, mwendo wa punda, na kwamba Mjomba alikuwa hajapata tu nafasi ya kwenda.

Jirani yetu alikuwa Bwana Nassor, naye wa Unguja, aliyekuwa na duka la vitambaa huko na hapa hakuwa na kitu isipokuwa heshima yake na binti yake mkubwa, Zuwena. Zuwena aliwashonea watu nguo. Cherehani yake iliharibika kuliko cherehani yoyote mjini. Wiki hii sindano, wiki ijayo mkanda. Mjomba alikuja na kopo lake la mafuta, akakaa uani, na Zuwena akakaa ndani nyuma ya pazia, na mimi nikawa natumwa baina yao.

"Mwambie mjomba'ako," Zuwena alininong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani, "akaze skrubu vizuri. Au aazime zile zinazoshika masikio yake."

Nilipeleka. Mjomba hakunyanyua kichwa. "Mwambie, hizo zimelegea tangu nlipoanza kuja hapa."

Nikarudisha. Pazia lilicheka.

Mama alipeleka posa baada ya Mfunguo Mosi kupita. Alivaa buibui lake jema, akanichukua na mimi kwa sababu hakuwa na dada wa kwenda naye. Bwana Nassor alitukaribisha mwenyewe, akatuketisha kwenye mkeka, akamimina kahawa kwa mkono wake. Nakumbuka alivyokuwa akikizungusha kikombe bila kukinywa.

"Bi Rukia," alisema, "Salum nnampenda. Wallahi nnampenda. Ingekuwa Unguja, saa hizi tushakunywa sherbeti."

"Na Unguja si ndo sisi wenyewe, Bwana Nassor? Kimebadilika nini?"

"Kule mie nlikuwa Nassor. Hapa mie mtoto wa nani."

 Bwana Nassor akaeleza, polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Alikuwa bado anangoja neno la sheikh wa kabila lake kule Sumail, kuwa yeye ni wao, ndipo aachwe akae kwa amani yeye na watoto. Ndugu zake wa huko walikuwa wanamtazama. Walishaulizana kama miaka ya Unguja haikumsahaulisha mambo. Akimwoza binti yake mtu ambaye si kufu yake, mtu asiyejulikana wa wapi, wangesema Nassor karudi si mwenzetu, na hapo asingekuwa na pa kwenda, nyuma wala mbele.

"Salum anajulikana," mama alisema. "Unamjua weye. Mama yake unamjua."

"Nnamjua. Lakini kwangu hawaulizi mama." Akaweka kikombe chini. "Sikatai, Bi Rukia. Alete mtu. Mtu mmoja tu wa kwao, aje akae hapa kwenye mkeka huu, anywe kahawa yangu, aseme, huyu ni wetu. Siulizi la pili. Ntangoja mpaka Idi Kubwa ipite."

Leo naelewa kuwa alikuwa anakataa kwa njia ya mtu muungwana, kwa kuweka sharti ambalo alijua halina mlango. Mama alielewa pale pale. Alishukuru, akajifunga buibui, tukatoka. Mimi nilitamani kuruka. Nilikuwa nimesikia sharti jepesi kuliko yote: mtu mmoja, mkeka, kahawa.

Kwa hiyo nikaanza kungoja kwenye mlango mkubwa wa mji. Msafara wa kutoka ndani uliposimama nje ya ukuta na kushusha mizigo, nilikwenda nikawatazama vilemba. Nilitafuta mirabaraba, nyekundu na kijani. Wengi walivaa nyeupe, au sufu ya rangi ya mchanga yenye maua pembeni. Wengine walinifukuza wakidhani nataka kuiba tende. Mama alidhani nachota maji. Maji niliyachota pia, lakini kwa mwendo ambao hata mbuzi angenidharau.

Makomamanga yalikuwa yameanza kuteremka jabalini nilipomwona. Mwanamume wa makamo, mfupi, mwenye ndevu za hina, amekaa juu ya matandiko ya punda akipanga makomamanga, na kichwani amefunga sufu nyekundu yenye mistari ya kijani.  Kiarabu changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno kwa siku nyingi. Nilimwamkia, nikamuuliza kama yeye ni wa kabila la Galbraith.

"Ngapi unataka?" aliniuliza.

"Sitaki makomamanga. Nataka sheikh wa Galbraith."

Akanitazama kwanza mimi, kisha ndoo yangu. "Nani hao?"

"Watu wa milimani. Kuna mvua. Wana sheikh, wanaibiana ng'ombe. Nguo yao kama kilemba chako."

"Kilemba changu nimenunua Matrah," alisema. "Kwa Mhindi." Lakini alikuwa mtu mwenye insafu, au labda biashara ilikuwa imelala, kwani alikata komamanga akanipa nusu, akafikiri. Akasema kwenye jabali lao hakuna kabila hilo, naye anayajua mabonde yote. Akamwita mwenzake, wakashauriana. Mwenzake akasema kule kaskazini, mwisho kabisa wa nchi, kuna watu wanaoishi kwenye majabali yanayoingia baharini, na baadhi yao wanasema lugha ambayo hakuna mwingine anayeifahamu. Huenda ni hao.

"Kaskazini," alisema mwenye ndevu za hina, akinyoosha kisu kuelekea huko. "Mwambie baba yako atafute huko."

"Si baba yangu. Mjomba wangu."

"Basi mjomba. Kula komamanga lako."

Nilikimbia mpaka nyumbani, maji yakabaki njiani yote. Mama na Mjomba walikuwa uani, yeye anapepeta mchele, Mjomba amefungua cherehani ya mtu. Nikawaambia kwa pumzi moja kuwa nimewapata, wako kaskazini, wanasema lugha yao peke yao, na tukituma mtu sasa hivi sheikh wao atafika kabla ya Idi, akae kwenye mkeka wa Bwana Nassor, aseme huyu ni wetu.

Mama alianza kucheka. Kisha akaziba mdomo kwa upindo wa kanga yake, na kicheko kikageuka kilio mikononi mwake.

Mjomba hakucheka. Alifuta mikono, akaokota kokwa za tende kwenye sahani, akachuchumaa mbele yangu. Akaweka kokwa moja mchangani. "Hapa Maskati." Akaweka nyingine, mkono mmoja kutoka hapo. "Hapa Unguja. Unakumbuka safari yake?" Niliikumbuka, na kutapika kwake. Kisha akainuka, akaenda upande wa pili wa ua, akampita mbuzi, akapita jiko, akafika kwenye ua wa Bwana Nassor na ikawa hana tena pa kwenda. Akainama akaweka kokwa ya mwisho chini ya makuti.

"Hapa," alisema. "Ni kaskazini kweli. Hukukosea."

Nikatazama umbali ule wote. "Punda atafika?"

"Punda hafiki."

"Basi sheikh wao hatokuja kabla ya Idi."

"Hatokuja."

Alibaki ameshika ua wa makuti kama anayepima kama umefungwa vizuri. Upande wa pili cherehani ya Zuwena ilikuwa inasikika ikishona, kisha ikanyamaza. Kuta zile zilikuwa za makuti. Hakukuwa na jambo la upande mmoja ambalo upande wa pili hawakulisikia.

Idi ikaja, nyama iliyookwa shimoni ikafukuliwa, watu wakapeana mikono. Baada yake walikuja wageni wa Bwana Nassor kutoka Sumail, wanaume wenye majambia viunoni na sauti za chini, wakakaa kwenye mkeka ule, wakanywa kahawa ile. Walileta neno la sheikh, kuwa Nassor ni wao. Walileta pia mtoto wa ami yake, mgane mwenye watoto wawili aliyetaka mke, mtu mwema kwa kila ninavyojua. Mambo hayo mawili yalikuja juu ya punda mmoja, na sidhani kama Bwana Nassor aliweza kupokea moja akarudisha la pili.

Nguo za arusi Zuwena alizishona mwenyewe. Cherehani haikuharibika hata mara moja.

Siku ya hina wanawake walijaa, na mimi nikapenya mpaka kwake. Alikuwa amekaa mikono wazi juu ya mito, haruhusiwi kugusa kitu. Akaniita kwa macho, nikasogeza sikio.

"Mwambie mjomba'ako," alisema, safari hii kwa sauti ya kweli ya kunong'ona, "mie sikuulizwa."

Nilipeleka, kama nilivyozoea. Mjomba alikuwa uani, anatia mafuta kwenye kifaa kidogo kwa unyoya wa kuku. Nikamwambia: Zuwena anasema hakuulizwa. Nikangoja jibu la kurudisha. Akaendelea kupaka mafuta mahali pale pale palipokwisha kupakwa.

"Nnajua," alisema.

Nikasimama. "Nimwambie hivyo?"

"Basi, mwanangu. Kacheze."

Hayo ndiyo maneno pekee ya baina yao ambayo sikuyafikisha, kwa sababu niliporudi walikuwa wameshamfunika.

Mjomba aliondoka kabla ya baridi kuisha, kwa meli ya kwenda Bahrein, ambako alisikia wanahitaji mafundi wala hawaulizi mengi. Alfajiri ile aliniamsha kwa kunifunika blanketi la baba yake. Nilimwambia atalihitaji. Akasema Bahrein kuna joto. Nikabaki chini yake nikisikia mama anasoma dua mlangoni, na harufu ya udi na umande na mafuta ya mashine, na sikutoka kumwona akiondoka kwa sababu niliamini kwamba nikiwa nimefunikwa bado yupo. Kwa muda mrefu baada ya hapo niliendelea kutazama vilemba nje ya mlango wa mji. Nilikuwa najua. Macho yalikuwa bado hayajaambiwa.

Mambo yakabadilika nchini, milango ya mji ikaachwa wazi, shule zikafunguliwa nami nimeshakuwa mkubwa wa kuona haya kukaa na watoto. Watu wa Unguja wakaanza kurudi kwa wingi. Mama akamtumia Mjomba salamu kwa kila aliyekwenda Bahrein, arudi, sasa kuna kazi. Jibu lilikuwa moja: "Nikija wataniuliza tena." Alifia huko. Hakuoa. Nilikuwa Kuwait nikiosha vyombo kwenye nyumba ya watu, na ruhusa ya kusafiri ilipopatikana alikuwa ameshazikwa, kwenye makaburi ambayo mawe yake hayaandikwi jina la mtu yeyote.

Mimi sikukaa mahali. Nilipika, nikauza, nikalea watoto wa wengine, nikamfuata baharia wa Kisomali mpaka Cardiff, na alipoondoka yeye nikapanda treni ya kaskazini kwa sababu tu ilikuwa inakwenda kaskazini. Kule Glasgow nilisafisha maktaba, na wenye maktaba wakagundua kuwa mwanamke wa ufagio hana kazi ila kuuliza. Jina lile nililiona siku ya kwanza, limeandikwa kwenye gari la fundi bomba. Nililiona juu ya maduka, kwenye mawe ya makaburi, kwenye mlango wa daktari wa meno. Niliposimama mbele ya gari lile mvua ikininyeshea, nilitaka kumgongea mwenyewe dirisha nimuulize alikuwa wapi siku zote hizi.

Niliuliza basi, na nikaelezwa. Jina lina maneno mawili ya kale ya watu wa nyanda za juu. La kwanza ni mgeni. La pili ni Mbritoni, mtu wa kabila lililokaa upande ule wa mto zamani, lenye lugha yake. Wenye lugha nyingine walipotawala nchi, waliwatazama wale waliowakuta na kuwaita wageni, na wale wakalibeba jina hilo mpaka wakasahau lugha yao na kubaki na jina. Leo wako zaidi Glasgow na karibu na maziwa ya kaskazini yake, na kisiwa kimoja upande wa magharibi. Wengine walivuka kwenda Ayalandi, na kutoka huko wakatawanyika Kanada, Marekani, Australia na New Zealand, kila mahali meli zilikofika. Hakuna aliyetaja Unguja. Nikawaongezea.

Nikauliza la sheikh wao. Wakasema walikuwa naye, mpaka mmoja alipopotea njia, akapoteza ngome na ardhi, akakimbilia Ayalandi, na ukoo wake ukakatika. Tangu hapo hawana. Kuna makabila mengine yana wakuu wao hadi leo, hili halina. Nilikaa chini kwenye ngazi ya maktaba na ufagio wangu. Hata kama punda yule angefika, asingemkuta mtu.

Nilikuwa na kipande cha blanketi kilichonusurika na nondo. Muuza nguo mmoja alikigeuza akaniambia kwa upole kuwa mirabaraba ile si ya ukoo wowote. Ni mablanketi ya safari, yakiuzwa kwa abiria wa meli, mtu yeyote alinunua. Nikakumbuka kilemba cha Matrah, cha kwa Mhindi.

Lakini siku moja nilipanda basi kwenda kwenye yale maziwa, nikashuka kijiji kimoja kwa sababu ya jina lililokuwa juu ya duka la mkate. Ndani alikuwemo mwanamke mnene wa umri wangu. Nilimwambia mjomba wangu alikuwa na jina hili. Akaweka mkate chini, akauliza alikuwaje. Nikasema mwembamba, mpole, masikio yametokeza. Akageuka akamwita mtu wa jikoni, "Hebu toka." Akatoka mwanamume amejaa unga, kofia nyeupe imekaa juu ya masikio.

"Hivi?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Mwanamke yule alinifungia mkate, akakataa kulipwa, akasema kama anavyosema habari ya hali ya hewa: "Basi huyo ni wetu."

Asila alirudi na makomamanga, akanikuta na shali usoni, hakuuliza. Azaiba tulimkuta Bi Zuwena amekaa barazani kwenye mkeka, mjane sasa baada ya miaka mingi, wajukuu wanampita huku na huku na simu zao. Asila alipoinama kumbusu mkono, shali lilimgusa, naye akalishika.

"Hili la Salum?" alisema.

"La dukani, Bibi," Asila akamjibu, akaenda ndani kukata matunda.

Hatukuwahi kulitaja jina hilo baina yetu. Nikamwambia yote, Bahrein na maktaba na sheikh aliyekimbia na duka la mkate, na alichosema yule mwanamke. Alinisikiliza akilikunja na kulikunjua pindo la shali. Mikono yake imezeeka vizuri.

"Alisema hivyo mwenyewe? Huyu ni wetu?"

"Alisema hivyo."

"Na mwanamke."

"Muuza mkate."

"Baba asingemkubali," alisema Bi Zuwena.

"Asingemkubali."

 Kisha akalivuta birika, akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akanisogezea kikombe na kupiga mkeka kwa kiganja, karibu yake.

"Kaa hapa. Kunywa, halafu useme kama alivyosema yeye."

Nikakaa. Nikanywa. Nikasema, "Huyu ni wetu."

Bi Zuwena alipokea kikombe akakiweka chini, akatazama ukutani kama kwamba ukuta ule ni wa makuti na kuna mtu upande wa pili.

"Haya," alisema. "Siulizi la pili."